Kutoka Baraka Mpaka Soko: Ni Kilometa Ngapi, na Ni Masaa Mangapi?

Ndugu wanakoperative, wakati wa mavuno tunaulizwa sana: "Kutoka hapa mpaka Bukavu ni kilometa ngapi?" Ukipima kwenye karta kwa mstari ulionyooka, ni karibu 180. Ndege ndogo inayokwenda kilometa 300 kwa saa ingezimaliza kwa dakika 36, ongeza kidogo za kupaa na kutua. Lakini muhogo wetu haupandi ndege.

Barabara haifuati mstari. Baraka na Uvira, kwa mstari ni kama kilometa 78. Kwa barabara ya taifa namba 5, inayofuata kando ya ziwa, zinakaribia 90. Tofauti si kubwa. Kinachotuumiza ni masaa: matope ya masika, daraja lililoharibika, barieri moja baada ya nyingine. Kule China, treni ya Beijing–Shanghai inakata kilometa 1.318 kwa masaa kama manne na nusu. Sisi, mvua ikinyesha vizuri, masaa hayo yanaweza kwisha kabla hatujaiona Uvira!

Kwa nini tunasisitiza masaa? Muhogo mbichi ukishang'olewa, ndani ya siku moja mpaka tatu unaanza kuweka mistari ya bluu na nyeusi ndani, na mnunuzi akiukata anashusha bei. Saa inaanza kuhesabu pale shambani, siyo pale lori linapowasha moto.

Tuseme mwanachama wa Fizi-centre anang'oa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Mchana moto inateremsha mzigo mpaka Baraka. Lori linangoja lijae, linaondoka Jumanne saa sita, linafika Uvira usiku. Soko linafunguka Jumatano asubuhi. Hesabu: masaa 48 yamekwisha, na mengi yao muhogo ulikuwa umekaa tu, haukusafiri. Hapo ndipo koperative inaweza kuokoa kitu, hata barabara ikibaki vile ilivyo.

Kwa hiyo msing'oe mpaka dereva athibitishe siku na saa. Ardhini muhogo unangoja bila hasara. Ndani ya mfuko haungoji. Mkijua siku mapema, kateni matawi juma moja au mawili kabla ya kung'oa, muacheni shina fupi tu: mizizi itachelewa kuharibika. Msiichubue wakati wa kupakia. Na kwa Bukavu, sisi tunashauri wazi: msiahidi muhogo mbichi. Pelekeni mkavu au unga.

Ngazi ni vilevile. Zikamuliwe karibu na shamba, mapema, kwa maana matunda yaliyogongwa yanatoa mafuta machungu kadiri yanavyokaa. Mafuta yenyewe yanavumilia safari.

Wengine wanatazama Kigoma, karibu kilometa 105 kwa mstari kuvuka Tanganyika. Boti ikienda kilometa 12 kwa saa, ni karibu masaa tisa, ziwa likitulia. Ila tangu mwezi wa tano mpaka wa nane upepo wa kusini-mashariki unachafua maji, wakati uleule barabara inapokauka. Basi njia nzuri ya Januari siyo lazima iwe nzuri ya Julai.

Mwandishi wa kila koperative aandike kwa kila mzigo: saa ya kung'oa, saa ya kuondoka, saa ya kuuza, na bei. Baada ya mizigo kumi tutakaa pamoja kuzisoma, kabla ya kusaini mkataba na mnunuzi yeyote.