Buji ya pikipiki ya zamani: tuitazame mbele ya mavuno



Katika koperative nyingi, pikipiki moja njo inabeba mavuno mpaka sokoni. Ikizimika njiani na nyanya, hasara ni ya wote, maana nyanya haingoji. Ikiwa asubuhi ni nguvu kuwaka, inakatakata kwenye kilima ao inakula esansi mingi, tuanze na buji.

Injini ipoe kwanza. Tupanguse udongo kandokando ya buji ili usiingie ndani, kisha tuifungue. Rangi yake inasema:

- Kahawia nyepesi: injini inawaka vizuri.
- Nyeusi na kavu: esansi inapita hewa. Tutazame filta ya hewa, mara nyingi imejaa vumbi.
- Nyeusi na mafuta: mafuta ya injini inaingia mahali haifai. Buji mpya haitaponya ile; twende kwa fundi.
- Nyeupe kabisa: injini inapata joto sana. Fundi aitazame pia.

Kama ncha ya chuma imekulika ao sehemu nyeupe imepasuka, tubadilishe. Kwa pikipiki ndogo nyingi, nafasi kati ya ncha mbili ni 0,6 mpaka 0,7 mm.

Tununue buji ya namba ileile. Tuizungushe kwanza kwa mkono mpaka ikae, kisha kwa ufunguo tuongeze nusu ya mzunguko tu. Kukaza sana kunaharibu kichwa cha injini, na kile ni bei kali.

Dereva abebe siku zote buji moja ya akiba na ufunguo wake, na kilometa ziandikwe katika daftari ya koperative.