Kwa Nini Mzoga wa Kimeta Usipasuliwe

Wafugaji huonywa wasichune mnyama aliyekufa kwa kimeta. Sababu ya onyo hili imo katika umbile la bakteria wenyewe.

Ndani ya damu ya mnyama, bakteria wa kimeta huwa na umbo la vijiti. Hukua na kugawanyika. Katika hali hiyo ni dhaifu. Mzoga usipopasuliwa, oksijeni huwa haba, na uozo huwaangamiza wengi wao. Lakini damu ikimwagika na kukutana na hewa, huku chakula kikipungua, bakteria hujihami. Kila mmoja hujenga ukuta ndani ya seli yake, akazungushia nakala ya urithi wake tabaka nene za protini. Maji hupungua humo ndani na kalsiamu huongezeka. Mwishowe seli ya nje hupasuka, ikabaki spora.

Spora haikui wala haizaani. Hungoja tu, hadi imezwe na mnyama mwingine alishaye. Robert Koch alieleza mabadiliko haya mwaka 1876. Katika kisiwa cha Gruinard, Uskoti, spora zilizotawanywa kwa majaribio ya kivita mwaka 1942 zilidumu udongoni hata ikalazimu ardhi isafishwe kwa dawa mwaka 1986.

Basi, mfugaji aonapo mnyama aliyekufa ghafla, akitokwa na damu nyeusi isiyoganda, asimchune wala asile nyama yake. Amwite bwana mifugo mara moja. Kisu kimoja chaweza kupanda ardhini maradhi ya miaka mingi.