Je, Wajua? Kwa Nini Ndege za Faibaglasi Huwa Nyeupe

Ndege nyingi za faibaglasi zinazoundwa nyumbani hupakwa rangi nyeupe kwa sababu ya jua, wala si kwa urembo. Likianikwa juani saa saba mchana pale uwanja wa ndege wa Ukunda, pwani ya Kenya, bawa jeusi laweza kupata joto kiasi cha kulainisha gundi yake ya epoksi.

VariEze, ndege ya aina hiyo ya Mmarekani Burt Rutan iliyoruka mara ya kwanza 1975, haihitaji kalibu ya bawa. Fundi hukata povu gumu kwa waya uliopashwa moto kwa umeme. Kisha hulifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo na kukilowesha epoksi. Hapo ndipo penye uhondo: kitambaa cheupe hugeuka kikawa kama hakipo, povu likaonekana chini yake. Kila kidoa cheupe kinachosalia ni hewa iliyonaswa, na lazima itolewe kabla gundi haijakauka. Povu hubaki humo ndani daima.

Weupe wa rangi inayopakwa ndege hizo hutokana na titani dayoksaidi. Malighafi yake, ilmenaiti na rutaili, ilichimbwa Kwale tangu 2013 hadi 2024, kwenye vilima vya mchanga vya Maumba na Nguluku, ikapakiwa melini Likoni. Ilmenaiti yenyewe ni nyeusi tititi!