Kipimo Kisichoijua Pethidini

Aprili 2021 zilikamatwa dawa za kulevya za zaidi ya kilo 800, heroini ikiwemo, kwenye mwambao wa Kilwa. Mzigo ukipita karibu hivyo, ni haki kuuliza kwa nini watumishi wa hospitali, tuseme ya Kinyonga kule Kivinje au Sokoine pale Lindi, wasipimwe mkojo kwa kushtukizwa. Mkono unaochoma sindano hautakiwi kutetemeka. Ila kipimo cha haraka kinachopendekezwa kinamtafuta mtumiaji wa kijiweni, si wa wodini.

Ndani ya kipimo hicho mna kingamwili zilizoshikizwa kwenye chembe za dhahabu, na mbele yake umepakwa mstari wa mofini iliyogandishwa. Zichukulie kingamwili hizo kuwa viti vya Hiace zinazotoka Nangurukuru kwenda Masoko. Mkojo usipokuwa na mofini, gari huondoka tupu, hufika Singino, yaani penye mstari wa mofini, likasimama kwa abiria wanaosubiri, na magari yakirundikana hapo ndipo mstari mwekundu unapojitokeza. Mofini ikiwemo, viti vimejaa tangu Nangurukuru. Gari linapita moja kwa moja, na mstari hauonekani. Kwa hiyo anayekosa mstari ndiye aliyenaswa! Heroini hunaswa vizuri kwa kuwa mwili huigeuza upesi kuwa mofini. Kodeini ya dawa ya kikohozi nayo ini huigeuza kidogo kuwa mofini, basi nesi mwenye kikohozi anaweza kukikalia kiti kilekile. Pethidini, dawa ya maumivu iliyoundwa maabara na yenye umbo lake, kiti hicho hakiienei. Fentanili na ketamini vivyo hivyo. Na hizo ni miongoni mwa dawa za hospitalini: anayejidunga pethidini hukabidhi kopo lake la mkojo bila wasiwasi.

Watasema kuna vipimo vipana zaidi, na Mkemia Mkuu wa Serikali anaweza kuthibitisha majibu. Ni kweli, lakini uthibitisho hufanyiwa sampuli iliyotiliwa shaka, na ya mtumiaji wa pethidini haikutiliwa. Watasema hofu peke yake inatosha. Hofu itamzuia wa heroini. Wa pethidini atajua keshapita.

Ningeanza na kabati la DDA, linamofungiwa dawa kama hizo, na daftari lake. Daftari linaweza kudanganya: imeandikwa miligramu 100, mgonjwa kapewa 50. Basi ukaguzi wa kushtukiza uhesabu ampuli tupu, uangalie nani alishuhudia salio likimwagwa, kisha uende kitandani kwa mgonjwa ambaye faili linasema alichomwa saa nzima iliyopita na bado anaugulia maumivu.