Kabla ya kununua koili ya mashine ya kutafuta chuma ardhini

Ploti nyingi za Kawangware na za mtaa wa Olympic, Kibera, zilipimwa miaka mingi iliyopita. Bikoni ya kawaida ni kipande cha chuma kilichosimamishwa ndani ya zege. Nyumba zikijengwa na njia kumwagwa murram, bikoni hufunikwa, na majirani hubaki wakibishana mpaka uko wapi. Fundi wa mabomba naye hutafuta valvu iliyozama chini ya udongo, na kijana wa vyuma chakavu hutafuta riziki. Wote watatu wanaweza kusaidiwa na mashine moja: ile inayolia inapopitishwa juu ya chuma kilichofukiwa.

Mnunuzi wa mashine hiyo huangalia bei na skrini yake. Kumbe kinachotafuta hasa ni koili, ile sahani ya mviringo iliyo mwisho wa mpini. Koili huuzwa pia peke yake, ama kuchukua nafasi ya iliyoharibika ama kuongeza uwezo wa mashine. Hapo ndipo pesa za chama zinapoweza kupotea kwa siku moja, kwa sababu si kila koili hukubaliana na kila mashine.

Koili hufanya nini?

Ndani ya koili mna nyaya za shaba zilizozungushwa mara nyingi. Sehemu moja ya nyaya hizo hutuma nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikigusa metali, umeme mdogo huzunguka ndani ya metali hiyo na kurudisha ishara. Sehemu ya pili ya nyaya hupokea ishara, na mashine hulia.

Plastiki hairudishi ishara yoyote. Bomba la maji la plastiki linaweza kuwa chini ya miguu yako na mashine ikanyamaza kabisa. Ukimya wa mashine basi si ruhusa ya kupiga sururu.

Mambo manne ya kukagua

Kwanza, modeli. Kampuni moja hutengeneza mashine za aina nyingi, na koili ya modeli moja huenda isifanye kazi kwenye nyingine ya kampuni ile ile. Andika jina kamili la modeli yako na ulilinganishe na orodha iliyo kwenye boksi la koili au kwenye kijitabu cha mashine.

Pili, aina ya mashine. Ziko zinazotuma mawimbi mfululizo bila kukatika, na ziko zinazotuma kwa mapigo ya haraka haraka. Koili za aina hizi mbili hazibadilishani.

Tatu, masafa. Koili hutengenezwa kwa masafa maalumu, yanayohesabiwa kwa kilohezi. Mfano ni mashine ya X-TERRA 705 ya kampuni ya Minelab ya Australia, ambayo ina koili za kilohezi 3, 7.5 na 18.75. Kwenye mashine hiyo, ukibadilisha koili umebadilisha na masafa. Mashine nyingine haitakubali masafa tofauti na yake.

Nne, plagi. Hesabu pini na uangalie zilivyopangwa. Hata hivyo, plagi kuingia vizuri si ushahidi kwamba koili inafaa. Plagi mbili zinaweza kufanana kwa nje huku nyaya za ndani zimeunganishwa tofauti. Mashine inaweza kulia ovyo, ikakosa kusikia chochote, au sakiti yake ikaharibika.

Kwa hiyo nenda dukani na mashine yako, na uombe kuijaribu nje. Jaribu kwa sarafu na kipande cha nondo, mbali na milango ya chuma na mabati. Chuma cha pembeni kimewahi kumchanganya hata bingwa. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, anayejulikana kwa simu, alijaribu kutumia kifaa cha aina hii kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakuipata, na moja ya sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Ukiridhika, dai risiti yenye jina la modeli ya koili.

Kubwa si lazima iwe bora

Koili kubwa, kama ya inchi 15, hufika chini zaidi kwenye uwanja safi. Ardhi ya Olympic si uwanja safi. Ina vifuniko vya soda, misumari na vipande vya mabati. Koili kubwa husikia vyote kwa pamoja na kukupa kelele tupu. Kwenye vichochoro na karibu na kuta, koili ndogo ya inchi 6 hivi hutenganisha kitu na kitu, ingawa haifiki mbali. Ile ya inchi 11 inafaa kwa kazi za kawaida.

Umbo la nyaya za ndani nalo lina maana. Udongo mwekundu wa upande wa Kawangware na Dagoretti una madini ya chuma, na madini hayo yanaweza kuifanya mashine ilie pasipo na kitu. Koili ya DD, yenye nyaya zilizopangwa kama herufi D mbili zilizopandana kidogo, huvumilia udongo huo kuliko koili ya duara ndani ya duara.

Mashine ikilia

Kuona bikoni si kuamua mpaka. Kazi hiyo ni ya mpima ardhi mwenye leseni, na kung'oa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai. Ukishuku waya wa umeme, usichimbe. Piga simu Kenya Power kwa nambari 97771. Kuhusu mabomba, uliza kwanza Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi.

Biashara ya vyuma chakavu inahitaji leseni chini ya sheria ya mwaka 2015. Januari 2022 serikali ya kitaifa iliisitisha biashara hiyo kwa muda baada ya nguzo na nyaya za umeme kuharibiwa. Reli inayopita Kibera, vifuniko vya mitaro na nguzo za taa ni mali ya umma, hata zikiwa zimefunikwa na udongo.

Kitu cha kale kiripotiwe kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kinachofanana na bomu au risasi kisiguswe kabisa. Waondoe watoto, simama mbali, na upige 999 au 112.