Ukuta Ulianguka, Kazi ya Umoja Ikaanza

Kuigawa nchi ni kazi ya siku chache. Kuiunganisha ni kazi ya vizazi. Jambo hili nililijua kwa kuishi miongoni mwa Wajerumani wa mashariki tangu mwaka 1984 hata mwisho wa mwaka 1990, nilipokuwa nikijifunza ufundi wa mitambo katika mji wa Leipzig. Kila tarehe 3 Oktoba Wajerumani huadhimisha siku ya kuungana kwao. Nasi wanachama na wafanyakazi, tunaoishi katika Muungano, yatupasa kuipima habari yao, maana ina mafunzo kwetu.

Ujerumani iliposhindwa vitani mwaka 1945, mataifa manne yaliyoshinda, yaani Urusi, Marekani, Uingereza na Ufaransa, yaligawana nchi ile. Mwaka 1949 zikazaliwa dola mbili: ya magharibi ikafuata ubepari, na ya mashariki ikafuata ukomunisti. Toka mwaka huo hata 1961 watu zaidi ya 2,500,000 waliihama mashariki. Basi usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961 serikali ya mashariki iliufunga mpaka wa Berlin, kisha ukajengwa ukuta wa kilometa 155 kuizunguka Berlin ya Magharibi. Watu wasiopungua 140 walipoteza maisha yao penye ukuta huo.

Ugomvi wa ndugu hawa ulifika hata mlangoni petu. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Zanzibar iliitambua Ujerumani ya Mashariki, na Wajerumani hao wakasaidia kujenga nyumba za ghorofa huko Kikwajuni na Kilimani. Tulipoungana tarehe 26 Aprili 1964, wale wa magharibi hawakupenda kuwaona wenzao wakikaa nchini mwetu. Mwaka 1965, Serikali yetu ilipowaruhusu wa mashariki kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, wa magharibi waliondoa msaada wao wa kijeshi. Mwalimu Nyerere akawaambia waondoe na msaada wao mwingine wa kiserikali. Hatukukubali msaada uwe kamba ya kutufungia.

Nilipofika Leipzig nilianza kwa kujifunza Kijerumani katika Chuo cha Herder, pamoja na vijana wa mataifa mengi. Haki yataka niseme mema niliyoyaona. Mkate ulikuwa rahisi, kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, watoto wa wafanyakazi walitunzwa mama zao wakiwa kazini, wala sikuona mtu mzima mwenye nguvu akizurura kwa kukosa kazi.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo mkate rahisi haukuweza kulifunika. Mimi mgeni, kwa pasi yangu ya Tanzania na kibali cha kurudi, niliweza kuvuka kwenda Berlin ya Magharibi asubuhi na kurejea jioni. Mzee msimamizi wa karakana yetu, aliyezaliwa katika nchi ile, hakuweza. Mdogo wake aliishi upande wa pili, na walikuwa hawajaonana kwa miaka mingi. Wastaafu waliruhusiwa kwenda kuwatazama jamaa zao, hivyo mzee yule wa miaka 61 alikuwa akihesabu miaka minne iliyobaki kufikia 65. Wengine huogopa uzee. Yeye aliungoja kama mfungwa angojavyo siku ya kutoka.

Siku moja alinipa picha za wajukuu wake nizipeleke. Akaniambia: "Wewe uliyetoka mbali utamwona ndugu yangu. Mimi niliyenyonya naye titi moja nangoja uzee unipe ruhusa." Nilipita katika stesheni ya Friedrichstrasse, penye ukumbi wa ukaguzi ambao watu waliuita Jumba la Machozi, kwa sababu hapo ndipo wageni wa kutoka magharibi walipoagana na jamaa zao. Nilirudi na kahawa na barua fupi. Mzee aliisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akarudi kwenye mashine yake bila kusema neno.

Mwaka 1989 subira ya watu ilikwisha. Tarehe 9 Oktoba, baada ya sala katika kanisa la Nikolai, watu wapatao 70,000 waliandamana mjini Leipzig. Polisi na askari walikuwa tayari, lakini risasi haikulia. Walipaza sauti: "Sisi ndio wananchi!" Tarehe 9 Novemba ukuta ukafunguliwa, na baadaye kilio kikawa: "Sisi ni taifa moja!" Mzee wetu akavuka kabla ya uzee kumpa ruhusa.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Uchaguzi ulifanywa tarehe 18 Machi 1990, fedha ya magharibi ikaingia tarehe 1 Julai, na tarehe 3 Oktoba nchi ikawa moja. Pande mbili hazikuketi kuandika katiba mpya, bali mashariki iliingia chini ya katiba ya magharibi. Viwanda na mashirika ya umma yapatayo 8,500, yenye wafanyakazi kama 4,000,000, yalitiwa mikononi mwa shirika moja la kuyauza au kuyafunga. Kazi hiyo ilipomalizika mwisho wa mwaka 1994, nafasi za kazi zilizosalia zilikuwa kama 1,500,000. Mwaka 1993 wachimba migodi wa Bischofferode waligoma kula ili mgodi wao usifungwe, nao ukafungwa. Vibarua wa kutoka Msumbiji, ambao sehemu ya mishahara yao ilikuwa ikikatwa kwa ahadi ya kulipwa kwao, walirudishwa Maputo, na wengi wao hawajaacha kudai haki yao.

Karakana yetu nayo ilifungwa. Mwaka 1992 mzee aliniandikia kwamba sasa aonana na mdogo wake kila mwezi, lakini wajukuu wake wamehamia magharibi kutafuta kazi. Hata hivyo hakutaka ukuta urudi, wala mimi simtaki msomaji adhani hivyo. Nchi iliyowafungia watu wake isiwatoke haikustahili kudumu.

Ndugu wanachama, somo liko hapa. Umoja wa bendera ulipatikana kwa siku moja, lakini thamani ya malipo ya uzeeni kwa Wajerumani wa pande zote ililinganishwa mwaka 2023 tu, yaani baada ya miaka 33. Mtu aliyeambiwa kuwa ni ndugu, kisha akalipwa kama mgeni, hukumbuka. Basi tunapozungumza habari za Muungano wetu katika matawi na vyama vya wafanyakazi, tusiridhike na sherehe na hotuba. Tuulize nani ana kazi, nani ana sauti, na nani analipwa haki yake, Bara na Visiwani. Wanaouliza hayo wasihesabiwe kuwa maadui wa umoja, kwa maana wao ndio wanaoujenga.