Karo ilishuka, wiki ikapanda bei

Kwa darasa lililofanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2023 nchini Kenya, Kidato cha Kwanza kilichukua miezi 18. Kidato cha Pili na cha Tatu, vyote viwili, vilikwisha kwa miezi 16. Ndiyo maana wahitimu hao wakikutana leo hawaelewani ni mwaka gani kisa fulani kilitokea bwenini. Kumbukumbu zao hazina kasoro, kalenda waliyoishi ndiyo iliyopinda.

Waliripoti shuleni katika wiki ya Januari 13, 2020, kila mmoja na sanduku lake la chuma, kufuli, godoro, ndoo, na ile rimu ya karatasi ambayo haikosi kwenye barua ya kuitwa shuleni. Machi 13 kisa cha kwanza cha korona kikatangazwa nchini. Jumapili ya Machi 15, Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe. Oktoba waliruhusiwa kurudi Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne pekee. Hawa wetu walingoja hadi Januari 4, 2021. Muhula wao wa pili ulifungwa Machi 19, wa tatu ukaanza Mei 10 na kwisha Julai 16. Siku kumi baadaye, Julai 26, walikuwa Kidato cha Pili. Mzazi hakuwa amemaliza hata kufua sweta.

Kuanzia hapo Wizara ya Elimu, chini ya Waziri George Magoha, ilibana kalenda ili Januari 2023 mambo yarudi kama zamani. Mwaka wa masomo uliokuwa wa wiki 39 ukawa wa wiki 30. Kwa kuwa wazazi walilalamika, nayo karo ikapunguzwa. Katika shule za kitaifa na zile za miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru, karo ya bweni ilishuka kutoka shilingi 53,554 hadi 45,000 kwa mwaka. Katika shule nyingine za bweni ilitoka 40,535 ikawa 35,000. Wazazi wengi walishukuru, na vyombo vya habari vikaiita afueni.

Sasa tupige hesabu. Shilingi 53,554 ukizigawa kwa wiki 39 unapata 1,373 kwa wiki. Shilingi 45,000 kwa wiki 30 ni 1,500 kamili. Karo ilipungua kwa asilimia 16, lakini muda wa masomo ulipungua kwa asilimia 23, kwa hiyo kila wiki ilipanda bei kwa asilimia 9. Mzazi wa shule ya karo ya chini aliumia zaidi: kutoka 1,039 kwa wiki hadi 1,167, ongezeko la asilimia 12. Ni kama duka linaloshusha bei ya mkate huku likiukata mkate wenyewe zaidi kuliko lilivyokata bei.

Shule zina utetezi wake, na mimi naukubali kwa sehemu. Mpishi, mlinzi na mhasibu hulipwa kwa mwezi, na muhula ukifupishwa mishahara yao haipungui. Kinachopungua ni unga, maharagwe na kuni. Lakini mzazi hakuelezwa hivyo. Aliambiwa amepunguziwa.

Kidato cha Kwanza kina hesabu yake ya peke yake. Kwa mwongozo wa wizara, karo hulipwa kwa mgao wa 50, 30 na 20 katika mihula mitatu. Muhula wa kwanza wa 2020 mzazi wa shule ya kitaifa alitakiwa kutoa 26,777, na mwanawe akakaa shuleni wiki tisa. Hiyo ni 2,975 kwa wiki. Ongeza wiki 11 za muhula wa pili na 10 za muhula wa tatu, jumla inakuwa 30 kwa mwaka ambao kiwango chake rasmi kilikuwa karo nzima.

Tukijumlisha miaka minne, karo rasmi ya shule ya kundi la juu ni 53,554, kisha 45,000 mara mbili, kisha 53,554 tena mwaka 2023, baada ya kiwango cha zamani kurudishwa. Jumla ni shilingi 197,108. Kwa kundi la chini ni 151,070. Wiki zilizopotea, tisa kila mwaka kwa miaka mitatu, ni 27, yaani zaidi ya theluthi mbili za mwaka mzima wa shule. Silabasi yenyewe haikupunguzwa kwa kiasi hicho, na pengo likazibwa kwa masomo ya alfajiri, ya usiku na ya Jumamosi. Mwishoni mwa 2021 mabweni yaliteketea katika shule kadhaa, na walimu na wazazi wengi walitaja uchovu wa kalenda iliyobanwa kuwa mojawapo ya sababu. Bili za ukarabati nazo zikawafuata wazazi.

Hizo ni gharama za kwenye karatasi. Gharama ambazo wahitimu hawa huzikumbuka vizuri zaidi hazimo kwenye karo. Mihula ilipofuatana bila likizo ya maana, nauli, sabuni, dawa ya meno na pesa za matumizi vilihitajika tena kabla mzazi hajavuta pumzi. Kati ya Julai 2021 na Novemba 2022, miezi 16, kulikuwa na mihula sita. Mzazi wa Turkana mwenye mtoto Nakuru alilipa nauli ya kwenda na kurudi mara sita, bila kuhesabu likizo fupi za katikati ya muhula, na mapumziko ya uchaguzi mkuu wa Agosti 2022 yakaongeza safari nyingine. Halafu ukaja mwaka wa mtihani na siku ya maombi, ambapo familia nzima hukodi matatu, hununua soda na kadi za kutakia heri, kisha hukaa juani kusikiliza mahubiri marefu. Sijaona mwongozo wa wizara wenye kifungu cha siku ya maombi.

Wa shule za kutwa wana hesabu nyingine. Kwao karo ni bure, serikali hulipia shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Kilichobaki kwa mzazi ni sare na chakula cha mchana. Tuseme chakula ni shilingi 50 kwa siku: kwa siku tano za wiki na wiki 39, ni shilingi 9,750 kwa mwaka. Kwa anayelipwa kwa siku shambani, bure hiyo si bure.

Na hizo 22,244 zenyewe? Kwa miaka minne zinafika 88,976 kwa mwanafunzi mmoja, au karibu shilingi bilioni 8.9 kwa kila wanafunzi 100,000. Walimu wakuu walilia miaka yote hiyo kwamba pesa huchelewa na hazifiki zote. Julai 2025, Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge waziwazi kwamba serikali haimudu kiwango hicho, na kinachotolewa ni kama 16,900. Pengo ni 5,344 kwa kila kichwa. Shule ya wanafunzi 1,000 hukosa zaidi ya milioni tano kwa mwaka, na mwalimu mkuu ana mahali pamoja tu pa kuzitafuta: kwa mzazi.

Je, wangapi walifika mwisho? KCPE ya 2019, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa na watahiniwa 1,083,456, na sera ya serikali ilikuwa wote waingie Kidato cha Kwanza. KCSE ya 2023 ilikuwa na watahiniwa karibu 900,000. Wapo waliorudia darasa na wapo watahiniwa wa kujitegemea, kwa hiyo hesabu hii si ya kukata kwa kisu, lakini tofauti ni kama 180,000, mmoja kati ya sita. Kwenye picha ya darasa ya Januari 2020 kuna sura ambazo hazimo kwenye ile ya Novemba 2023, na kila mhitimu anaweza kukutajia mmoja: yule aliyepata mimba wakati wa korona, yule aliyeanza kuendesha bodaboda na hakuona sababu ya kurudi.

Matokeo yalitangazwa na Waziri Ezekiel Machogu Januari 8, 2024. Waliopata A walikuwa 1,216. Waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, walikuwa 201,133, wakati mwaka uliotangulia walikuwa 173,345. Waliopata E walikuwa 48,174. Wapo waliosema ongezeko la C+ linaonyesha kwamba wiki zilizopotea hazikudhuru kitu. Mimi siukubali ulinganisho huo. Mwaka huohuo kanuni ya kukokotoa alama ya jumla ilibadilishwa: badala ya kulazimisha Kiingereza, Kiswahili na sayansi mbili, ikachukua Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano yaliyofanywa vizuri zaidi. Ukibadilisha mizani, uzito wa jana na wa leo haulinganishwi.

Baada ya hapo kuna cheti. Sheria ya Baraza la Mitihani ya mwaka 2012 hairuhusu shule kuzuia cheti cha mtahiniwa, na mawaziri wamewakumbusha walimu wakuu mara nyingi. Hata hivyo shule nyingi bado huvifungia vyeti kabatini hadi deni lilipwe. Kwa mhitimu wa shule ya kitaifa ambaye wazazi walishindwa na muhula wa mwisho tu, ile asilimia 20, deni ni shilingi 10,711. Hiyo ndiyo pesa anayoambiwa alete kabla ya kupewa cheti chake ili aombe kazi au nafasi chuoni.